DIO, kloronaftalini au yabisi inayotoweka? Kuchagua kiongezi cha seli za jua za kikaboni kwa maabara ya Unguja na Pemba

Anayeanza kutengeneza seli za jua za kikaboni huuliza kwanza: kiongezi gani, yaani kemikali kidogo inayotiwa kwenye myeyusho wa utando, kinapandisha ufanisi zaidi? Kwa maabara ya visiwani swali hilo lije la pili. La kwanza ni: kikishamaliza kazi yake, kitatokaje ndani ya utando? Vyote vinavyolinganishwa hapa vinaweza kukupa namba nzuri siku ya kupima. Vinakoachana ni siku ya saba, hasa kama pampu yako ya ombwe ni ya wastani, umeme unakwenda na kurudi, na chumba kina unyevu wa Aprili.

Kazi ya kiongezi

Utando unaokamata mwanga una unene wa nanomita 100 hivi. Ndani yake mna vitu viwili vilivyochanganywa: polima inayotoa elektroni, na kipokeaji, ambacho zamani kilikuwa fulerini, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira (PC71BM), na sasa aghalabu ni molekuli za jamii ya Y6. Mwanga ukipiga huzaa eksitoni, yaani elektroni na tundu lake zikiwa bado zimeshikana, nayo husafiri kiasi cha nanomita 10 tu kabla ya kufa. Isipofika kwenye mpaka wa vitu viwili hivyo, mwanga umepotea bure. Mabonge yakiwa makubwa, eksitoni hufia njiani. Mchanganyiko ukiwa laini kupita kiasi, chaji huachana vizuri lakini hukosa njia ya kufikia elektrodi.

Kiongezi mara nyingi ni kimiminika kidogo kinachochemka kwa joto kubwa kuliko kiyeyushi kikuu. Kiyeyushi kikikimbia, chenyewe hubaki nyuma na kuzipa molekuli muda wa kujipanga. Mwaka 2007 watafiti wa Santa Barbara, California, wakiwemo Alan Heeger na Guillermo Bazan, walionesha kwamba oktanidithioli kidogo inaipandisha polima ya PCPDTBT na fulerini kutoka asilimia 2.8 hadi 5.5. Mwaka uliofuata wakataja masharti mawili: kiongezi kichemke juu ya kiyeyushi kikuu, na kiyeyushe fulerini huku kikiiacha polima. Daiodooktani, yaani DIO, ikatokea kuwa bora kuliko ndugu zake.

Mfano uliowafanya watu waikumbatie DIO ni polima ya PTB7, mwaka 2010. Kwa klorobenzini peke yake seli ilitoa volti 0.76, miliampia 10.20 kwa sentimita ya mraba na kipengele cha ujazo (sehemu ya volteji na mkondo wa juu kabisa ambayo seli inaitoa kweli kama nguvu) cha asilimia 50.5: ufanisi wa asilimia 3.92. Kwa klorobenzini 97 na DIO 3 kwa ujazo, ilitoa volti 0.74, miliampia 14.50 na asilimia 69: ufanisi 7.40. Tazama kilichopanda na kisichopanda. Volteji imeshuka kidogo tu, ila mkondo na kipengele cha ujazo vimeruka. Kwa hiyo seli yako ikipoteza volti 0.2 baada ya kutia kiongezi, usikilaumu haraka. Tafuta vumbi, tundu kwenye utando, au shoti chini ya elektrodi ya fedha.

Kwa jicho moja

| Kiongezi | Huchemka (°C) | Kipimo cha kuanzia | Njia ya kukitoa |
|---|---|---|---|
| DIO | karibu 333 | 3% kwa PTB7, 0.25–0.5% kwa jamii ya Y6 | ombwe kali, au kusuuza kwa methanoli |
| Kloronaftalini | karibu 260 | 0.5% | moto wa 110 °C, dakika 10 |
| Difenili etha | karibu 258 | 0.5–1% | moto au ombwe la kawaida |
| Oktanidithioli | karibu 270 | 2% | ombwe |
| Diiodobenzini-1,4 (yabisi) | 285. Huyeyuka 131 | nusu ya uzito wa kipokeaji | moto mdogo |
| Triklorobenzini-1,3,5 (yabisi) | 208. Huyeyuka 63 | nusu ya uzito wa kipokeaji | hutoka karibu yenyewe |

Asilimia za vimiminika ni za ujazo. Za yabisi ni za uzito, na watu wengi huharibu siku nzima kwa kuzichanganya.

DIO: namba nzuri, mgeni asiyeaga

Piga hesabu kabla ya kuipenda. Katika mililita moja ya myeyusho wa PTB7 mna miligramu 10 za polima na 15 za fulerini. DIO ya asilimia 3 ni mikrolita 30, na kwa kuwa uzito wake ni gramu 1.84 kwa mililita, hizo ni miligramu 55. Yaani klorobenzini ikishakauka, utando uliobaki kwenye kioo una DIO nzito mara mbili na zaidi ya yabisi yote. Ukiutazama kwa mshazari chini ya taa, unang'aa kama kitu kilichopakwa mafuta, na ukiukwaruza kwa ncha ya pini unasukumika badala ya kukatika. Huo bado ni mchuzi, hujapata utando.

Kimiminika kinachochemka kwa 333 °C hakitoki kwa kuachwa mezani usiku kucha. Kinahitaji ombwe kali, lile la chemba ya kuvukizia metali, kwa saa kadhaa. Kuchoma hakusaidii: PTB7 haipendi moto, na fulerini iliyolowa DIO huanza kukua mabonge ukiipasha. Njia ya mnyonge ni methanoli. Weka kioo chenye utando kwenye mashine ya kuzungushia, endesha mizunguko 2,500 kwa dakika, dondosha mikrolita 200 za methanoli kavu katikati, acha sekunde 40. Methanoli hubeba DIO na kuiacha polima na fulerini mahali pake. Rangi ya utando hubadilika kidogo kwa sababu umepungua unene. Chupa ya methanoli iwe mpya au yenye vichujio vya molekuli (chembe zinazonyonya maji) ndani yake. Iliyokaa wazi kwa hewa yetu imeshakunywa maji.

Ikibaki je? Kifungo cha kaboni na iodini hukatwa na mionzi ya urujuanimno. Hapo huzaliwa radikali ya iodini, chembe kali inayoishambulia polima, na iodini yenyewe huifikia fedha ya elektrodi na kuigeuza iodaidi. Nyuma ya seli huonekana madoa ya manjano yanayoanzia pembeni. Kisiwa kilicho nyuzi 6 kusini mwa ikweta, ambako jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, hakifai kufanyia mzaha wa namna hii.

Chupa yenyewe nayo ina masharti. DIO nzuri haina rangi, au ina manjano hafifu sana, na huuzwa ikiwa na kipande cha shaba ndani cha kukamata iodini. Usikitoe kipande hicho. Funga chupa kwa karatasi ya fedha, iweke kwenye friji, itoe nusu saa kabla ya kuifungua ili umande usiingie. Ikiwa ya waridi au kahawia, usiitumie. Na kwa kuwa ni nzito na nzito tena kumiminika, vuta pipeti polepole, subiri sekunde tatu, futa ncha kwa nje.

Kloronaftalini: ndiyo tungeanza nayo

Kwa anayefanya kazi na polima ya PM6 na kipokeaji cha Y6, kloronaftalini ina historia inayoaminika. Mapishi ya 2019 yaliyoifikisha jozi hiyo asilimia 15.7 yalitumia klorofomu yenye kloronaftalini asilimia 0.5: PM6 kwa Y6 ni 1 kwa 1.2, jumla miligramu 16 kwa mililita, kisha moto wa 110 °C kwa dakika 10. Kwa mililita moja hiyo ni PM6 miligramu 7.3 na Y6 miligramu 8.7.

Tabia yake si ya DIO. Yenyewe huyeyusha vyote viwili, haichagui. Inachofanya ni kuchelewesha kukauka na kuipa Y6 nafasi ya kupangana. Uzito wake katika mililita ya myeyusho ni miligramu 6 tu kwa yabisi 16, na moto ule ule unaoupanga utando ndio unaoifukuza. Hatua moja, kazi mbili. Haihitaji chemba ya ombwe kali wala methanoli, na haina iodini. Ukizidisha hadi asilimia 1 au 2 katika klorofomu, Y6 hukua mabonge, kipengele cha ujazo huanguka kwanza, mkondo hufuata.

Ugumu ni kupima mikrolita 5. Pipeti ya mikrolita 100 haitoi tano kwa uaminifu. Afadhali uchanganye kiyeyushi kwanza: mililita 19.9 za klorofomu na mikrolita 100 za kloronaftalini, ndipo uyeyushie yabisi humo. Ukitaka kupima viwango vingi kwa myeyusho mmoja, tengeneza akiba ya asilimia 5 na uongeze sehemu moja kwa tisa. Lakini myeyusho wa mwanzo uwe miligramu 17.8 kwa mililita ili ukishapunguzwa ubaki 16. Wanaosahau hili hulinganisha unene wakidhani wanalinganisha viongezi.

Halafu soma lebo ya klorofomu. Nyingi zina ethanoli ya asilimia 0.5 hadi 1 ya kuzuia kuharibika. Hicho ni kiasi sawa na kiongezi chako! Chupa mbili za chapa tofauti zinaweza kutoa seli mbili tofauti bila mtu kukosea kitu. Chagua aina moja, andika namba ya toleo kwenye daftari.

Difenili etha na mafuta ya nazi

Difenili etha huganda chini ya nyuzi 26 au 27. Maabara za nchi za baridi huilalamikia kwa kuwa ni jiwe ndani ya chupa. Kwetu mchana ni kimiminika, lakini asubuhi za Julai, au chumba chenye kiyoyozi cha 22, huifanya kama mafuta ya nazi: nusu imeganda, nusu inateleza. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu hadi iyeyuke yote, na ncha ya pipeti nayo iwe na joto, la sivyo itaganda humo humo na utapima pungufu. Ina harufu ya majani ya jeranio (geranium), yale ya vyungu vya barazani, ndiyo maana hutiwa kwenye sabuni.

Haina klorini wala iodini, inatoka kwa urahisi wa kloronaftalini, na inakubaliana vizuri na kiyeyushi cha zailini. Kwa maabara isiyo na njia ya kuteketeza taka zenye halojeni, hiyo ni hoja kubwa kuliko nusu asilimia ya ufanisi. Kwenye kisiwa taka za klorini haziendi popote, zinakaa stoo.

Oktanidithioli tuipite haraka. Inanuka vibaya mno, hata tone moja kwenye glavu hujaza jengo, na salfa yake hupenda kushikamana na fedha. Ilifungua njia, DIO ikaipita mwaka mmoja baadaye.

Yabisi zinazotoweka

Hapa unapima kwa mizani badala ya pipeti, na hiyo peke yake ni nafuu. Diiodobenzini huingia kati ya molekuli za kipokeaji, hukaa humo utando unapoganda, kisha moto huifukuza na kuacha mpangilio uliobana zaidi. Triklorobenzini ni nyepesi kutoka kuliko hiyo. Mwaka 2023 seli ya polima moja na kipokeaji kimoja iliyotumia hii ilifika asilimia 19.3.

Kinachoharibika ni kinyume cha DIO: zinakimbia mapema. Ukiacha myeyusho wa triklorobenzini wazi kwenye chumba cha nyuzi 30 huku unaandaa vioo, kioo cha kwanza na cha kumi havikupata kiasi kimoja. Vichupa viwe vidogo na kifuniko kikaze. Na usidanganyike kwamba kila yabisi ni salama kwa mwanga: diiodobenzini nayo ina iodini, ikibaki itafanya yale yale. Zote zifanyiwe chini ya chemba ya kuvuta hewa, kwani kinachotoweka kwenye utando kinaingia puani.

Kutotia kitu kabisa

Chaguo hili hudharauliwa. Polima ya P3HT na fulerini ya PCBM, jozi ya kufundishia, hujipanga kwa moto wa 140 °C wa dakika 10 na haihitaji kiongezi. PTB7 ikiyeyushwa kwa daiklorobenzini badala ya klorobenzini ilitoa asilimia 6.22 bila tone la DIO, kwa sababu daiklorobenzini yenyewe huchemka kwa 180 °C na hukauka taratibu. Kati ya 6.22 ya leo na kesho, na 7.40 inayooza kwa wiki, kwa darasa la wanafunzi tungechukua ya kwanza bila kusita.

Umande juu ya kioo

Jambo hili vitabu vya maabara za baridi havilitilii mkazo, nalo ndilo linaloua seli nyingi katika hewa ya pwani. Klorofomu huchemka kwa 61 °C, hukauka kwa kasi, na kukauka huko hupoza kioo. Wakati wa masika chumba kikiwa na nyuzi 28, umande huanza kushika kwenye 24 hivi. Zimebaki nyuzi nne tu. Kioo kikizunguka kinapoa kupita hapo, vitone vya maji hutua juu ya utando ulio laini, vikikauka vinaacha vishimo. Utando uliotakiwa kung'aa unakuwa na ukungu mweupe, kama kioo cha dirisha cha bafuni. Elektrodi ya fedha inajaza vishimo hivyo, seli ina shoti. Mtu anabadilisha viongezi vitatu, tatizo halimo humo.

Bila kisanduku cha glavu chenye naitrojeni, basi, usianze na klorofomu. Tumia zailini (138 hadi 144 °C) au klorobenzini (132 °C), pasha kioo na myeyusho hadi nyuzi 50 au 60, na kiongezi kiwe kidogo, maana kinachochelewesha kukauka kinaurefushia utando muda wa kunywa unyevu. Kiyoyozi kinachokausha hewa kinasaidia kuliko pipeti ya gharama.

Umeme nao. Pampu ya mafuta ikizimika ghafla huku vali iko wazi, hewa na mvuke wa mafuta hurudi ndani ya chemba na kukaa juu ya vioo ulivyokuwa ukivitoa DIO. Funga vali kwanza, kisha zima pampu. Na kama hakuna vali inayojifunga yenyewe, asiondoke mtu chumbani. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kikiwa gizani miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa kwamba hatua ya saa nane za ombwe ni kamari. Moto wa dakika 10 unaweza kurudiwa.

Namna ya kuamua kwa ushahidi wako mwenyewe

Chukua kiongezi kimoja, viwango vinne: asilimia 0, 0.25, 0.5 na 1. Kila kiwango seli zisizopungua nane, na uandike wastani na mtawanyiko. Seli moja bora haimwambii mtu kitu. Badilisha kasi ya mashine ili unene ubaki ule ule, kwa sababu kiongezi hubadilisha mnato.

Baada ya kupima, gawa seli mafungu mawili. Fungu moja liweke kwenye giza, jingine chini ya mwanga, yote ndani ya naitrojeni au yakiwa yamefunikwa kwa gundi na kioo. Pima siku ya kwanza, ya tatu na ya saba. La gizani likisimama na la mwangani likianguka, shuku kiongezi kilichobaki: suuza kundi jipya kwa methanoli, rudia. Yakianguka yote mawili sawa, ni oksijeni na unyevu; tazama ufunikaji.

Na mafuta ya karafuu?

Swali hili huulizwa Pemba, na si la kuchekwa. Yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu na ya makonyo yanayokamuliwa Wawi, huchemka kwa 254 °C, karibu sawa na difenili etha. Na p-anisaldehaidi, jamaa yake wa mbali mwenye harufu ya viungo, imeshatumiwa pamoja na zailini kuchukua nafasi ya DIO. Sharti la kwanza, basi, limetimia. La pili linapimika mezani: tia miligramu 5 za kipokeaji katika mililita ya yujenoli, miligramu 5 za polima katika nyingine, tikisa saa moja kwa nyuzi 50, chuja, linganisha rangi. Ila iwe yujenoli safi ya maabara. Mafuta kutoka kiwandani yana kariofilini na yujenili asetati ndani yake, kila moja na joto lake la kuchemka. Na kundi la OH la yujenoli linaweza kugusana na zinki oksaidi ya safu ya chini, kwa hiyo jaribio la kwanza lifanyike juu ya PEDOT:PSS, polima inayopitisha umeme inayotumika badala yake.